Mgeuza Njia Achagua Rangi

Miaka thelathini na moja nimegeuza reli za Tabora:
nikivuta wenzo huu, mabehewa yakaenda Kigoma,
nikisukuma ule, yakapinda kuelekea Mwanza,
na sikuwahi kukosea, hata usiku ule wa mvua ya Machi
taa iliponizimikia mkononi nikabaki nasikiliza chuma.

Leo fundi Mihayo ameweka makopo mawili sakafuni,
amesema, "Mzee, chagua moja,"
nami nimekaa juu ya mfuko wa saruji
kama abiria aliyeshushwa stesheni asiyoijua.

Sijawahi kuchagua rangi.
Nyumba za reli tulizikuta zimepakwa:
chini kahawia, ya kuficha vidole vya watoto,
juu maziwa yaliyokaribia kuchacha,
na aliyehama alimwachia aliyehamia
misumari, masizi, vimo vya watoto wa watu kwa penseli.
Ukuta ulikuwa wa serikali. Sisi tuliuegemea tu.

Kopo la kwanza ni asali.
Asali ya miombo, nzito, yenye moshi ndani yake,
ile tuliyouziwa dirishani kwenye chupa za bia
ikavuja safari nzima hadi Itigi.

Kopo la pili, sijui niliite nini.
Kibandiko kinasema samawati.
Mimi naona sufuria iliyolala nje mwezi wa Juni,
ukiigusa alfajiri inakung'ata.

Kalunde anataka asali.
"Baridi nimeshakaa nayo," anasema,
na najua anaisema wodi ile,
majuma matatu akihesabu pumzi za Shija
mbele ya ukuta wenye rangi ya maji ya mchicha.
"Ukuta ule ulinitazama kama karani."

Mimi nasema: Oktoba.
Oktoba ya Tabora, mama Shija, umeisahau?
Jua la saa kumi likiupiga ukuta wa magharibi,
bati likilia ta, ta, ta,
nawe unataka nikae ndani ya mzinga?

Akacheka. Halafu akaacha kucheka.

Mihayo, anayelipwa kwa siku na hana haraka,
akapaka viraka viwili, kila kimoja upana wa gazeti.
"Kaeni navyo. Rangi ni mgeni,
asubuhi ana maneno yake, jioni ana mengine."
Kweli. Saa mbili asubuhi samawati ilikuwa na adabu,
asali ikipiga kelele kama ngoma ya jirani.
Jioni asali ikashusha sauti,
na mwenzake akawa na uso wa mtu anayedaiwa.
Majirani wakaja kutoa hukumu.
Shemeji Nkwabi alisema tupake nyeupe yaishe,
tukamnyima chai ya pili.

Siku ya kumi na moja umeme ulikatika.
Niliingia na tochi, nikamkuta Kalunde
amesimama mbele ya kiraka cha asali,
kiganja amekilaza juu yake,
vile nilivyokuwa nikiigusa reli
kujua kama treni iko mbali au imekaribia.
Sikumuuliza anasikia nini.
Nikazima tochi.

Asubuhi nikamwambia Mihayo: asali, nyumba nzima.
"Na Oktoba, mzee?"
Oktoba tutafungua madirisha. Ni yetu.

Ila nyuma ya kabati la vyombo
nilikataza brashi isifike.
Kiraka cha samawati kipo pale, upana wa gazeti,
na joto likizidi, najifanya natafuta bakuli,
napenyeza mkono nyuma ya sahani,
nakwaruzika, nakigusa,
nasimama hapo dakika moja, mbili.

Sikumwambia mtu.
Lakini juzi nikifagia nimeona
kabati limesogezwa kutoka ukutani,
vidole vinne tu,
mkono unapita.